Ukiitwa Usiitike

Kawsar binti Hirad ni rubani. Natanguliza hilo kwa sababu hapa mtaani Tassia hakuna anayemwita hivyo. Wanamwita yule wa mapazia, maana babake anauza mapazia Eastleigh, na huko dukani ndiko msichana anakoshinda tangu amalize kusomea ndege. Cheti anacho. Kazi hana, kwa sababu kila kampuni inataka mtu ambaye ameruka sana, na hakuna anayekupa ndege uende ukaruke sana. Mimi niliishia darasa la nane, lakini hata mimi naona huo ni mlango uliofungwa ndani na nje.

Nashona sare za shule hapa chini karibu na geti. Anayeingia namwona, anayetoka namwona, na nikimwita lazima aitike. Kawsar hasa. Hata awe amebeba mtungi wa maji begani, atasimama: "Naam, Mama Ndindi." Alilelewa vizuri mtoto huyo, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Mwaka huu Mzee Muthama wa Komarock alimtafuta. Mzee huyu alinyunyizia dawa mashamba ya ngano kwa ndege kule Narok mpaka akazeeka, akabaki na ndege yake kuukuu ya viti viwili kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya Kitengela. Daktari wa macho akamkataza kuruka. Sasa alitaka ndege ionekane kwenye maonyesho makubwa ya ndege kabla yeye hajaenda kaburini.

"Ifikishe salama, nami nimekaa kando yako," akamwambia Kawsar. "Ukifaulu, iruke utakavyo mpaka kampuni ikuone."

Hirad alisikia, akakohoa. "Hii ndiyo ya mwisho," akamwambia bintiye mbele yangu. "Ikishindikana unakaa dukani, na hadithi za mawinguni zinaisha."

"Sawa, aabo."

Mimi sikuficha. Nilimwambia sioni tumaini. Ndege yenyewe, nyeupe yenye mstari mwekundu, alinionyesha kwenye simu, nikamwambia cherehani yangu ina chuma kuliko hiyo.

"Mama Ndindi," akacheka, "ungekuwa mhubiri, kanisa lingebaki na viti peke yake."

Akanieleza kazi ilivyo. Siku ya maonyesho ndege huja kama korongo wa Dandora wakiona lori linamwaga taka. Mnara unaoongoza ndege kwa redio hauwezi kupiga soga na kila mmoja. Kwa hivyo mnafuata reli ya treni huko chini, mmoja nyuma ya mwenzake, mpaka kwenye tangi moja kubwa la maji. Hapo mnara unakuita kwa rangi ya ndege yako, na wewe huitiki. Unatikisa mabawa tu, kisha unaenda unakoambiwa. Ukifungua mdomo, sauti yako inafunika ya mnara, na mwenzako hasikii lake.

Tukapanda juu ya paa kufanya majaribio. Njia ya kutua niliichora kwa chaki yangu ya kushonea. Kamba ya nguo ya Batulo wa ghorofa ya tatu ikawa reli. Batulo mwenyewe akatangulia na beseni kichwani, yeye ndiye ndege kubwa. Kawsar akafuata, mikono ameinyoosha, hijabu inapepea. Mimi nikawa mnara.

"Nyeupe yenye mstari mwekundu!"

"Naam!"

Batulo akaangusha beseni kwa kicheko. "Umeshatuua! Na mimi nilikuwa nimebeba abiria!"

Tukarudia. Akaitika tena. Tukarudia, akauma midomo, lakini "naam" ikapenya puani. Utamfanyaje mtu aliyefunzwa tangu utotoni kwamba kuitwa na mkubwa ukanyamaza ni ufidhuli?

Basi nikaanza kumwita pale getini kila apitapo. Polepole akajifunza. "Kawsar!" Kimya. Anatikisa mabega, huyo anapita. Majirani wakaniuliza tumekosania nini. Hirad naye akapelekewa maneno kwamba bintiye siku hizi anaitwa na watu wazima na haitiki.

"Ndege zimemfundisha kiburi," akaniambia.

"Zimemfundisha kunyamaza," nikamjibu. "Ungejaribu na wewe."

Siku yenyewe aliondoka baada ya swala ya alfajiri. Kulikuwa na mawingu. Nilikata kola za shati nikazikosea zote.

Alirudi alasiri, akaketi kwenye kigoda changu. Nilijua kabla hajaanza.

"Nilinyamaza, mama," akasema. "Waliniita kwenye tangi. Nikatikisa mabawa, wakasema vizuri."

"Sasa?"

"Mzee akabonyeza kitufe cha kuongelea. 'Asanteni sana vijana, tumefika, Mungu awabariki na kazi yenu.' Akaendelea kuwasalimia. Ndege ya nyuma ilikuwa inaambiwa ikate kulia, haikusikia. Kivuli chake kilitupita juu ya kioo, mama. Karibu hivi." Akaweka kiganja juu ya kichwa. "Mnara ukatufukuza, sisi na wao. Wakasema ndege ya mzee isirudi tena kwenye maonyesho yao."

"Hukumweleza mzee?"

"Nilimweleza. Aliniambia alianza kuruka kabla aabo hajazaliwa. Tulipokuwa tunarudi akaniuliza, 'Ningeitwa na watu ninyamaze kama mwizi?' Tulipotua Kitengela akachukua ufunguo, akaenda."

Nilishika mkasi nisijue nakata nini. Tulikuwa tumemfunza msichana mpaka akasemwa mtaa mzima kuwa hana adabu, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kumpandisha Mzee Muthama juu ya paa na kumwita.

Simu ya mzee sasa haishikwi. Ndege, nasikia, imefunikwa turubai. Kawsar anatoka asubuhi na babake, anarudi na babake. Chaki yangu pale juu imeshafutwa na mvua na maji ya kufulia.

Juzi alipita getini amebeba robota la kitambaa cha pazia. Sijui nilitaka nini. Nikaita kwa ile sauti ya mnara:

"Nyeupe yenye mstari mwekundu!"

Mabega hayakutikisika.

"Naam, Mama Ndindi," akasema, akasimama, akaweka robota chini, akangoja nimwambie ninataka nini kutoka Eastleigh.