Mzambarau Juu ya Bati

Jirani yangu Bi Biasha ana mtoto mmoja tu, Rajabu, dereva wa lori la mchanga huko Kisarawe. Kisarawe, jamani! Si Ulaya, si Uarabuni. Mtu akitoka asubuhi, adhuhuri yuko hapa Janga anakula ugali. Lakini Rajabu miaka imepita hajakanyaga. Mama yake akimpigia simu, jibu ni lile lile: "Niko bize mama, nitakutafuta." Hamtafuti. Mimi huyo mtoto nilishamchoka, nasema wazi.

Mama yake hajachoka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kitovu cha Rajabu kilipokatika alikizika ubavuni mwa nyumba, akapanda mzambarau juu yake, kama wazee wetu walivyofanya. "Anifa, mtu hurudi kilipo kitovu chake," huniambia. Kila alasiri alikuwa akikaa chini ya mti ule anasuka ukili, macho barabarani.

Basi mkutano wa kijiji ukapitisha sheria ndogo ya maji ya mvua. Kila nyumba ya bati iwe na mifereji na simtanki lenye mfuniko, na mti wowote uliotanda juu ya paa ukatwe kabla ya masika. Tuliipigia makofi, maana tumechoka kunywa bwawa moja na ng'ombe.

Kondo, mwenyekiti wa kitongoji, akaja kukagua. Akatazama bati la Bi Biasha: zambarau zimepasukia juu, popo nao wamefanya yao.

"Mama Rajabu, maji ya paa hili nani atayanywa?"

"Nitayanywa mimi."

"Sheria haisemi hivyo, mama. Mti ukatwe."

"Pana kitovu cha mwanangu hapo. Ukiukata, atarudi wapi?"

Kondo ni Mzaramo, mambo ya kitovu anayajua. Hakuthubutu kushika panga. Akaona heri ampigie simu Rajabu mwenyewe, amwambie mama yake atapelekwa baraza la kata.

Loo! Kesho yake lori likasimama mlangoni. Bi Biasha alitoka mbio bila ndala, analia na kucheka, akamshika mwanawe mashavu. "Shikamoo mama," Rajabu akasema, na ile marahaba niliisikia mpaka jikoni kwangu. Nikajikuta na mimi nafuta machozi, na hasira zangu zote.

Hata maji hajanywa, Rajabu akashusha simtanki, mifereji na msumeno wa mashine.

"Mti wenyewe unaoleta kesi ndio huu?"

"Kitovu chako kiko hapo, baba."

Rajabu akacheka. "Mama nawe! Si kilishaoza zamani?"

Nilitaka kumzaba kibao. Lakini Bi Biasha alitabasamu, akaondoa mkeka wake mwenyewe. "Kata tu, baba. Si umesharudi?"

Akaukata. Akafunga mifereji, akasimamisha simtanki, kazi safi, siwezi kumnyima haki yake. Mama yake alikuwa jikoni anakuna nazi ya wali wa usiku. Kabla ya magharibi Rajabu akachungulia mlangoni, akasema bosi anamsubiri, akawasha lori. Wali ule tuliula wawili, mimi na Bi Biasha, na yeye hakumaliza tonge tatu.

Masika yamekuja, simtanki linamwagika. Maji meupe, matamu, majirani tunachota na kumwombea dua. Bi Biasha anakaa pale pale, sasa juani, ukili mkononi hausuki.

Jana Kondo akapita tena kukagua. Akagonga simtanki, akatazama juu, akafurahi.

"Hongera, Mama Rajabu. Mifereji safi, paa safi, mfuniko upo. Huna kosa hata moja."

"Hata moja?"

"Hata moja, mama yangu."

Uso ukamshuka. Akaburuta kigoda, akapanda, akaufungua ule mfuniko na kuutupa chini, miguuni pa mwenyekiti.

"Haya," akasema. "Mpigie simu."