Kaa Wakubwa wa Kijito Chetu

Mama yangu hakubali jambo litokee bila mtu wa kulisababisha. Mvua ikichelewa kuna aliyekosea, maziwa yakichacha kuna aliyeyafunika vibaya. Nimemcheka kwa hilo tangu utotoni, na mwaka huu nikajificha humo humo.

Tunaishi milimani, juu ya mji wa Kilosa, na kijito kinapita chini ya nyumba. Pale pa kuteka maji pana miiko ya mama: huogi, hufui, husuuzi sufuria yenye mafuta. Chini ya mawe ya hapo ndipo wanapokaa kaa, na mwanamke akijifungua kwetu hupikiwa supu ya kaa hao ili maziwa yashuke. Mama ni mwanakwaya wa Anglikana na anajua vizuri wanachosema kliniki, lakini kwenye supu ya kaa habishani na mtu.

Shamba langu la nyanya liko juu ya hapo, kando ya kijito hicho hicho. Ukungu ukiingia kwenye nyanya za mlimani hauna huruma, kwa hiyo napulizia mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba inayouzwa duka la pembejeo. Nailoweka kwenye pipa na kuichanganya na chokaa, kama baba alivyonifundisha. Alinifundisha pia kusuuzia kijitoni pampu ya kupulizia dawa, akisema maji yanayotembea hayakai na uchafu. Mwiko wa mama niliutii kwa ujanja: nilisuuzia juu ya pale pa kuteka, si pale penyewe.

Mwaka jana kaa walikuwa wakubwa ajabu. Mama alisema kijito kimebarikiwa, nami nikavimba kichwa utadhani niliwafuga mimi. Niliposhusha nyanya Mikumi, kwenye vibanda vya barabara kuu, nikamsimulia mteja wangu mmoja, dada aliyepanga chumba pale akisomea wadudu na konokono wa mitoni. Nilitegemea ashangae. Yeye akauliza, "Na wadogo umewaona?"

Sikuwa nimewaona. Akataka kujua napulizia nini na pampu naisuuzia wapi, nikamjibu kwa ile jeuri ya muuzaji mwenye mzigo mzuri. Akanieleza taratibu, bila kunisuta. Mrututu ukiyeyuka majini kidogo kidogo, msimu baada ya msimu, hauui kaa mkubwa. Anaendelea kula na kutembea kama kawaida. Ila mayai mengi hayaanguliwi, na kaa mchanga akivua gamba ili akue, anashindwa, anafia hapo. Konokono ndio hutangulia kuisha. Nikiona wakubwa watupu, alisema, nijue ni wazee waliobaki.

Niliporudi nilifunua mawe peke yangu. Vile vikaa vya ukubwa wa ukucha, vilivyokuwa vikitukimbia miguuni tulipokuwa watoto, havikuwepo. Jiwe lililokuwa likijaa konokono lilikuwa safi kama sahani. Nikayarudisha mawe polepole, kama mtu aliyeiba. Lakini nyanya zilikuwa zimeanza kutoa maua. Nikajiambia nitachimba shimo la kumwagia yale maji ya pampu msimu ukiisha, na msimu ulipoisha nikajiambia hivyo tena.

Mwaka huu mke wa mdogo wangu akajifungua mtoto wa kike. Mama akabeba kikapu kwenda kijitoni akiimba. Alirudi jua limeshakuwa kali, na ndani ya kikapu mlikuwa na kaa mmoja tu, mzee, gando moja limekatika. Alizitazama nepi zilizoanikwa kwenye ua wa michongoma, kisha akamtazama wifi yangu, nami nikajua ameshampata mtu wake.

Kwa mama hesabu ilikuwa rahisi. Kaa wanakimbia uchafu, nyumba ina nepi, basi kuna mtu amefulia nepi pale pa kuteka. Wifi alikana. Mama akasema wasichana wa siku hizi hawaheshimu kitu, na kwamba mtoto asipopata maziwa ya kutosha wasije kumlilia yeye. Mdogo wangu alijifanya anatengeneza mnyororo wa baiskeli. Wifi akanigeukia mimi.

"Wifi, si unaniona nafulia nyuma ya jiko?"

Nilikuwa nimemwona kila siku. Hata ndoo nilimwazima mimi.

"Mimi nashinda shambani," nikasema.

Hakuna uongo katika maneno hayo, na ndiyo maneno mabaya kuliko yote niliyowahi kusema. Baada ya hapo mama hakuacha kusema, na akina mama wa kanisani wakaja kumwona mtoto wakiwa wameshasikia habari ya kijito. Wifi akafunga mizigo, akaenda kwao Tindiga. Nyumbani walisema anakwenda kupumzika. Mama alipokea pole za majirani huku mimi nikimchemshia chai, na nilijichukia.

Juzi nilipanda bodaboda hadi Tindiga. Nilimkuta wifi barazani kwa mama yake, akinyonyesha, mbele yake mpunga umeanikwa kwenye turubai. Alinipa shikamoo bila kuinua macho, na mama yake akaingia ndani ili tuongee. Nikamwambia yote: mrututu, yule dada wa Mikumi, mawe niliyoyafunua na kuyarudisha. Nikamwambia nilijua kabla hata hajashika mimba, na kwamba nitamweleza mama mbele ya watu atakaowataka wifi mwenyewe.

Alinisikiliza hadi mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, kwa matusi, hata kwa kufukuzwa. Yeye akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Na sasa pampu unaisuuzia wapi?"

Asubuhi ile, kabla ya kuita bodaboda, nilikuwa nimepulizia nyanya. Mikono yangu ilikuwa bado na chokaa kwenye kucha.

"Palepale," nikamjibu.

Akamhamishia mtoto titi la pili, akamfunika kwa kanga.