Kidole Tumbo cha Kushoto

Baba yangu alinuka spiriti. Harufu hiyo ilikaa kwenye sweta lake la bluu hata mama alifue mara ngapi. Alikuwa daktari wa upasuaji Iringa, na hospitali ile ilikuwa naye huyohuyo mmoja. Akirudi amelala, akiamka ameitwa. Mezani alisinzia tonge likiwa mkononi, na sisi watoto tuliambiwa tusipige kelele, baba amechoka. Mimi nami nilikuwa nimechoka, nimechoka kumsubiri.

Baridi ya mwezi wa sita, nikiwa darasa la tatu, nilimsikia akimweleza mama jinsi kidole tumbo kinavyoanza: maumivu kitovuni, yanahamia upande mmoja, mgonjwa hataki chakula. Nikayakariri yote. Jumatatu asubuhi, baba anafunga kamba za viatu, nikajikunja sakafuni. Akaniminya tumbo, akaachia ghafla. Jamani, nililia vizuri! Mama akashika kichwa: “Baba Neema, huyu mtoto anaumwa!” Baba akatuma ujumbe hospitalini kwamba wagonjwa wasio wa dharura wasubiri kesho, akavua viatu, akakaa kitandani kwangu. Alikaa mpaka jioni. Kila baada ya muda aliweka mkono tumboni pangu, na katikati alinisimulia alivyochunga mbuzi utotoni kijijini Idodi, mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Njaa iliniuma balaa, lakini ningeombaje chakula? Jua lilipopungua akasema taratibu, “Neema mwanangu, kidole tumbo kiko kulia. Wewe umeshika kushoto tangu asubuhi.” Nikajifunika blanketi kwa aibu. Hakunichapa. Alikwenda kunipikia uji mwenyewe, ukaungua, nikaumaliza.

Leo mimi ndiye daktari wa upasuaji, hapa Mbeya. Miguu inavimba, mgongo haunyooki, na nikifika nyumbani sina hata hamu ya kuongea. Nilidhani nimemwelewa baba. Kumbe yeye alikuwa na mtoto aliyemtaka kiasi cha kumdanganya kwamba anaumwa. Binti yangu Atupele ana miaka minane, na wiki iliyopita aliumwa tumbo kweli, siku mbili nzima. Nilipata habari kwa dada wa kazi, mtoto alipokwishapona. Nikamuuliza, kwa nini hukuniambia, mama? Akajibu bila kinyongo, macho kwenye daftari lake: “Nilimwambia dada. Wewe una wagonjwa.”