Watu Tisa Chini ya Lambo

Miaka michache baada ya kumaliza chuo kikuu, nikiwa katika mafunzo ya zimamoto na uokoaji, nilifundishwa namna ya kuwatoa abiria kwenye treni iliyokwama ndani ya handaki linalopita chini ya bahari. Mkufunzi alituonyesha michoro: milango ya pembeni, taa zisizozimika, mashine za kusukuma moshi nje, na sauti itokayo ukutani ikiwaelekeza watu. Nilifaulu vizuri sana mtihani huo. Kisha nikapangiwa kazi katika ukanda huu wa dhahabu, ambako treni niliyoizoea ni ya mizigo, inayopita Isaka juu ya ardhi na mchana kweupe.

Hata hivyo, handaki la chini ya maji nililikuta. Lilikuwa mbele kidogo ya Masumbwe, katika mgodi mdogo wa wachimbaji tisa. Liliingia ardhini kwa mteremko ambao mtu aliweza kuushuka akiwa ameinama, likafika kwenye kona, likashuka tena hadi mahali palipokuwa chini kuliko pengine pote, kisha likapanda kidogo hadi kwenye mwamba waliokuwa wakiuchimba. Juu ya mwamba huo kulikuwa na lambo la kunyweshea ng'ombe. Mshipa wa dhahabu ulikuwa umeelekea huko, nao waliufuata.

Nilipolichora handaki hilo kwenye daftari langu, niliona jambo ambalo halikuniacha tena. Lambo likipasuka, maji yataanza kujaza pale chini. Wote tisa watakuwa upande wa pili, na njia yao ya kutoka inapita palepale. Wasipovuka kabla maji hayajagusa dari, hakuna atakayetoka.

Niliwashauri waache. Walinisikiliza kwa heshima kubwa, wakanipa soda, wakarudi kazini. Ndipo nikaamua kwamba nisipoweza kuwazuia kuingia, basi nitawafundisha kutoka.

Kiongozi wao alikuwa mzee aliyechimba tangu ujana wake, mwenye uwezo wa kulitambua handaki zima kwa kiganja, gizani. Yeye ndiye angeongoza. Nyuma yake nilimweka fundi wa matimba, yaani yale magogo yanayoegemeza dari, kwa sababu baada ya mzee hakuna aliyelijua handaki kama yeye. Wengine wangefuata, na wa mwisho angekuwa mrefu kuliko wote, kwa kuwa maji yangechelewa kumfika puani. Utaratibu ulikuwa ule wa kwenye mafunzo: kila mtu amshike mkanda aliye mbele yake, tochi zizimwe ili wazoee giza, wasiachiane.

Zoezi la kwanza, mzee alitoka nje peke yake. Wanane tuliwakuta wakipapasa kuta kule ndani. Tulirudia. Mzee akatoka tena peke yake.

"Kwa nini umemwachia?" nilimfokea fundi.

"Samahani, afande."

"Mkanda umekatika?"

"Haujakatika."

"Sasa tatizo ni nini? Huna mikono?"

Fundi aliinamisha kichwa. Aliyejibu ni mchimbaji mwenzake, mtoto wa mwenye duka wa Kagongwa, mtu wa maneno mengi ambaye alikuwa ameliacha duka la baba yake akatafute utajiri ulio mbali zaidi na jua.

"Afande, huyo mzee ni baba mkwe wake! Unamwambia mtu amshike mkwewe kiuno, tena gizani? Wewe wa kwako umeshawahi kumshika hata bega?"

Walicheka wote, isipokuwa wawili waliohusika, ambao kila mmoja alikuwa akitazama upande wake.

Napaswa kusema ukweli hapa. Mimi mwenyewe ni Msukuma, ingawa nilikulia Shinyanga mjini. Nilikuwa nimemwona baba yangu akikaa chumba kingine wazazi wa mama walipotutembelea. Nilijua fika kwamba mkwe haguswi, na kwamba kwa watu wanaoishika sana desturi hiyo, mkwe hata haambiwi neno moja kwa moja, bali hupelekewa kupitia mtu wa tatu. Nilijua yote hayo, lakini nilipovaa sare niliyaacha nyumbani, nikadhani na wengine wote wameyaacha.

Nilirudi baada ya wiki moja na kamba ya katani yenye mafundo tisa, fundo moja kwa kila mtu, umbali wa mikono miwili kati ya fundo na fundo. Hakuna aliyehitaji kumgusa mwenzake. Nikamwingiza yule wa Kagongwa katikati ya mzee na fundi. Siku hiyo walitoka wote tisa. Ila njiani kila neno lilisemwa mara mbili: fundi alimwambia wa Kagongwa, wa Kagongwa akamwambia mzee, na jibu likarudi kwa njia ileile. Niliuona huo kuwa upotevu wa muda. Niliandika kwenye daftari, kwa herufi kubwa, kwamba tabia hiyo ikomeshwe katika zoezi linalofuata.

Zoezi lililofuata halikufanyika. Nilifika asubuhi, mvua ikiwa imenyesha siku mbili mfululizo. Wachimbaji walikuwa wameshaingia, na tulikuwa tumekubaliana kwamba nikipuliza filimbi kwenye kona, waache kazi na kuishika kamba. Niliteremka hadi konani, nikafunga kwenye gogo mwisho wa kamba, ambayo walikuwa wameilaza kutoka kule walikochimba, nikawa natafuta filimbi mfukoni. Upepo ukanipiga usoni. Handaki lile halikuwahi kuwa na upepo. Mara nikasikia mngurumo, na kutoka ng'ambo sauti ya mtu akimwita mama yake kwa Kisukuma: "Mayu! Maji!"

Nilipuliza filimbi kwa nguvu zangu zote na mimi mwenyewe sikuisikia vizuri. Mwanga wa tochi yangu uliishia kwenye matope yaliyokuwa yakizunguka pale chini. Kuteremka kungekuwa kuwazibia njia. Nilibaki nimeikamata kamba kwa mikono miwili, nayo ikakaza. Walikuwa wameishika. Halafu ikasimama.

Sekunde zile nilizipitisha nikiyatazama maji yakipanda kwenye gogo la ukutani. Kisha sauti ya fundi ikaja, imefifia, nisingeielewa kama isingefuatiwa na nyingine.

"Mwambie mzee apite kushoto! Timba limeanguka upande wa kulia, nimelisikia!"

Na yule wa Kagongwa, kwa sauti aliyoikomaza kwa kunadi vitenge mnadani: "Mzee! Anasema pita kushoto! Timba liko kulia! Kushoto!"

"Mwambie nimesikia," mzee alijibu, kwa utulivu ule wa mtu aliye sebuleni kwake. "Muulize maji yako wapi huko nyuma."

"Anauliza maji yako wapi!"

"Kifuani kwa mrefu!"

"Kifuani kwa mrefu, mzee! Mimi yako shingoni, ila hamjaniuliza!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kila agizo lilikuwa likisemwa mara mbili, na mara ya pili lilisemwa na mtu mwenye koo kubwa kuliko wote, katikati ya maji na giza. Waliokuwa nyuma walisikia "kushoto" hata kama walikuwa hawajaisikia mara ya kwanza. Hakuna aliyevuta kamba upande wa kulia ikanasa chini ya lile gogo. Hakuna aliyempita mwenzake. Kile nilichokiandika kwa herufi kubwa kwamba kikomeshwe ndicho kilichokuwa kikiwatoa.

Mkono wa mzee ulitokea kwanza, umeshika fundo, kisha kichwa chake. Nilimvuta, naye akanisukuma pembeni ili nisizibe njia. Wa pili alitoka akiwa bado anaongea. Wa tatu, fundi. Wa nne akatapika maji, wa tano akampiga mgongoni. Nilihesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Wa nane alipopita, maji yalikuwa yamebakiza kiganja kimoja kugusa dari, na kamba ilikuwa bado nzito mikononi mwangu. Mzee na fundi waliikamata pamoja nami, mmoja mbele yangu na mwingine nyuma, tukavuta. Mrefu alitokea uso ukiwa umeelekea juu, pua ikisugua mwamba, mkono umeng'ang'ania fundo la tisa.

Tuliupanda mteremko maji yakitufuata visiginoni. Nje, wanawake waliokuwa wakiponda mawe walikuwa wameacha nyundo zao na kujipanga mlangoni. Mrefu alipotokeza walipiga vigelegele hadi wachungaji wa upande wa pili wa lambo wakaja mbio. Mzee alisimama akipokea salamu za shikamoo moja baada ya nyingine, matope yakimchuruzika ndevuni, naye akamjibu kila mmoja marahaba kwa ukamilifu wake.

Yule wa Kagongwa alikuwa amelala chali juu ya nyasi, sauti imemkauka. "Kesho tafuteni mtu mwingine wa kuwapelekea salamu," alisema kwa mkwaruzo. "Mimi narudi dukani."

Mzee alicheka. Fundi naye alicheka, na kwa mara ya kwanza niliwaona wakicheka jambo moja kwa wakati mmoja, ingawa bado kila mmoja alikuwa ametazama kwake.

Nilimpigia simu mkuu wangu nikiwa nimekaa matopeni. Nilimwambia lambo limepasuka, handaki limejaa.

Alijua niliyokuwa nikiyahofia miezi yote ile. "Waliingia wangapi?"

"Tisa, afande."

"Na waliotoka?"

"Tisa."

"Rudia."

Nilisimama ndipo nikarudia, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, hata wale wanawake wakaanza vigelegele upya: "Tisa, afande. Wametoka wote tisa."