Bibi Aliyetisha Ofisi Nzima

Ofisini kwetu tunatengeneza michezo ya kompyuta, na kila mtu ana kipande chake cha mwili. Mimi nashughulika na nywele. Mwenzangu wa meza ya dirishani anatengeneza nyuso, basi tunamwita Sura. Ni mkaidi, haambiliki, na kwa kazi yake sijaona wa kumfikia. Vinyweleo, mikunjo ya kope, unyevu wa jicho: akiviweka yeye, utaapa mtu anapumua.

Mchezo wetu mpya ulihitaji bibi wa kumpokea mchezaji mlangoni. Sura akasema atatumia uso wa mama yake, na nilijua kwa nini. Mama alikuwa amepata kiharusi, mdomo ukaenda upande, na tangu hapo wageni wakija anajifungia chumbani. Binti alitaka watu wamwone tena mama yake, walau humo ndani ya mchezo. Mama alikubali shingo upande kupigwa picha.

Bibi wa mchezo akakamilika. Akiwa ametulia, ungemwamkia. Akitabasamu tu, mwili unakusisimka. Mhasibu alipita nyuma yetu na chai yake, akasimama ghafla.

"Jamani, huyo maiti mmemtoa wapi?"

Mimi nilicheka, kwa ujinga wangu. Sura akainamisha kichwa.

Akahangaika. Akabadilisha macho, akaongeza mikunjo, akapunguza meno. Kadiri bibi alivyokaribia kuwa mtu wa kweli, ndivyo alivyozidi kutisha. Bosi akakata shauri: kama hatakaa sawa kabla ya siku ya maonyesho, avalishwe barakoa. Sura aliumia sana. Mama anajificha nyumbani, sasa afichwe na huku?

"Mpelekee mama yako mwenyewe amwone," nikamwambia. "Labda atajua kinachokosekana."

"Naogopa."

"Basi twende wote, tuogope pamoja."

Mama alitoka chumbani kiganja kikiwa mdomoni, akaitikia shikamoo yangu bila kunitazama. Sura akafungua kompyuta kwenye meza ya chakula. Bibi akatabasamu, mdomo ukapanda pande zote mbili sawasawa.

"Huyu nani?" mama akauliza.

"Ni wewe, mama."

"Mimi? Mbona haumwi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Katika kazi yetu ukishachonga nusu ya uso, kompyuta inaweza kukunakilia nusu ya pili. Ni njia ya mkato, inafaa kwa viatu na viti. Uso wa mtu haulingani hivyo, na Sura mwenyewe hutugombeza tukijaribu. Lakini kwa mama yake alichukua upande mzima akaufunika nao ule mgonjwa, halafu akahangaika na macho na meno kana kwamba hajui.

"Nilitaka nikuponye," Sura akasema.

"Mwanangu, mimi nawaficha watu wa nje uso wangu. Wewe sijawahi kukuficha. Kumbe hata wewe hutaki kuniona."

Sura alilia kama mtoto. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Mama alimwacha alie, kisha akamvutia kiti karibu yake.

"Haya, futa. Anza na upande huu mbovu."

Wakafanya kazi hapo mezani, mama akitabasamu kila alipoambiwa, akilalamika kwamba mashavu yanachoka. Binti alimtazama mpaka kila mkunjo ukaingia mahali pake.

Siku ya maonyesho bibi alitokea kwenye skrini kubwa bila barakoa. Akatabasamu, upande mmoja ukapanda, wa pili ukabaki nyuma. Hakuna aliyeshtuka. Mhasibu alijikuta anamrudishia tabasamu, tukamcheka mpaka basi.

Mama alikuja, akakaa katikati yetu. Mwanamke wa kiti cha mbele akawa anageuka, anatazama skrini, anageuka tena.

"Samahani mama, yule ni wewe?"

"Ni mimi," mama akasema, akamgeuzia uso wote ili amwone vizuri.