Kutoka Tanurini Hadi Kijitoni

Tanuru la wazee nililibomoa mimi. Nasema mapema, usije ukasoma huku unatafuta mkosaji. Nilikuwa darasa la tano, Jumamosi moja ya masika, na mimi na washikaji wawili tulikuwa tunacheza vita. Adui tuliyemchagua ni lile tanuru la udongo lililosimama peke yake upande wa juu wa shamba la mama, refu kuliko mwanamume yeyote pale kijijini. Humo ndimo wazee wa zamani walimoyeyushia chuma. Tulilisukuma kwa mti mpaka likakubali kulala. Lilianguka kwa kishindo kama mtu mnene anayeketi msibani. Tulicheka mpaka machozi.

Sasa niko kidato cha tatu. Wiki iliyopita mwalimu wa historia alitupeleka nje ya mji kuona tanuru kama lile. Alisema neno "urithi" mara nyingi hata mshikaji mmoja akawa anamhesabia kwa vidole. Darasa zima liligeuka kunitazama mimi, kwamba nitoe kichekesho. Nikakosa. Wakaniuliza kama naumwa.

Unajua, baba alipofariki mama alinichukua tukahamia Mwazye, nyumbani kwa babu. Baridi ya kule asubuhi inauma masikio, na upepo hauna adabu, unaingia hata chini ya blanketi. Kazi yangu ilikuwa kuwasha moto kabla ya shule. Nakumbuka moshi, chungu cha maharage kikichemka taratibu, na ugali wa ulezi, mweusi, mzito, ukila asubuhi unasahau njaa mpaka jioni. Ulezi na maharage vyote vilitoka shamba lile moja. Nilizoea kusema shamba ndilo baba yangu wa kambo. Mama hakucheka. Alikuwa akisema, "Asiye na shamba hula kwa macho."

Ilikuwa miaka ile malori ya watu binafsi yalipoanza kupanda kwetu kufuata mahindi. Kabla ya hapo uliuza kwa chama cha ushirika, basi. Ghafla kila kipande cha ardhi kikapata wachumba. Akaja mfanyabiashara wa Majengo, kule mjini, koti la mtumba lina vifungo vya kung'aa, na mjomba akawa anamtembeza mashambani kama mgeni wa serikali. Mjomba na mama walitoka tumbo moja la marehemu bibi.

Babu akafariki nikiwa darasa la saba. Siku ya kumaliza matanga ukoo ulijaa uani, chungu cha pombe ya ulezi katikati, maji ya moto yakiongezwa, wazee wakivuta kwa mirija. Mjomba akatoa sanduku la bati la babu. Ndani mlikuwa na stakabadhi za kodi, vyeti vya ubatizo, na daftari la shule lenye wosia ulioandikwa na katekista ambaye naye alishatangulia. Mjomba alisema macho yake hayaoni karibu. Mama akasema, "Mpeni huyu, anasoma vizuri."

Nikasimama, nikakaza sauti kama mtangazaji wa redio. "Ifuatayo ni taarifa ya habari." Watu wakacheka, hata waliokuwa wanalia. Nikatangaza ng'ombe, nikatangaza majembe, nikatangaza baiskeli isiyo na breki. Kisha, kwa sauti ile ile ya redio, nikasoma: "Kwa binti wa mke wangu, niliyemkuta mgongoni mwa mama yake nikamlea, nampa shamba kutoka tanurini hadi kijitoni, kwa kuwa amenitunza."

Nilifika mwisho wa sentensi ndipo nikajua nimemsoma nani.

Mjomba akaninyooshea cheti cha ubatizo. "Na hiki, mtangazaji."

Kilikuwa na jina la mama. Kwenye nafasi ya baba paliandikwa jina ambalo sijawahi kulisikia. Nikalisoma kwa sauti yangu ya kawaida, ile ndogo.

"Mimi sipingi," mjomba akasema. "Mzee kasema kutoka tanurini hadi kijitoni. Tanuru si lile pale?"

Alionyesha tanuru la pili, la chini kabisa, ambalo ukitema mate yanafika majini. Kati yake na kijito pana tope tu. Vyura ndio wanaofaidi.

"Ni lile la juu, kaka," mama akasema.

"La juu lipi, dada? Nimekulimia pale kwa ng'ombe misimu miwili, plau haijagonga hata kigae."

Ni kweli. Mvua ilishayeyusha udongo wote. Mama akamgeukia bibi jirani. "Mama, si ulikuwa unaanika ulezi wako pale penye tanuru la juu?"

"Macho yangu haya, mwanangu," bibi jirani akasema. "Siku hizi hata kuku wangu siwajui."

Mtu akacheka. Wazee wakainamia mirija. Pale uani kila mwenye mvi alilijua tanuru lile, na nadhani walijua pia habari ya mgongoni. Ila sasa ilikuwa imesomwa mbele ya ukoo, kwamba mama si damu yao.

Mimi nilikuwa na la kusema. Lilikuwepo, nililiangusha mimi, njooni niwaonyeshe mahali. Mjomba alikuwa amelaza fimbo magotini. Mdomo wangu huu, ulionipatia viboko kila wiki shuleni, siku hiyo ukalala. Nikafunga daftari, nikanyoosha kona zake.

Msimu uliofuata trekta la yule wa Majengo lililima mpaka juu. Sisi tukahamia mjini, chumba kimoja, na mama sasa anapika uji wa wapakiaji wa malori ya mahindi. Ulezi ananunua sokoni. Anauonja punje mbili tatu kwanza, halafu anasema si wa kwetu, halafu ananunua.

Niliporudi kutoka ile safari ya shule nilimkuta anakoroga sufuria. Nikamwambia yote, la vita, la mti, la washikaji wawili. Hakuacha kukoroga.

"Nilikuona," mama akasema. "Nilikuwa napalilia maharage. Nikasema, mwache acheze."