Beseni la Mlangoni

Habari za ndui tuliletewa na wafanyakazi wa reli kutoka Sakania, na wazee wa kanisa letu dogo la Élisabethville wakasema safari hii haitatukuta tumelala. Mimi nilikuwa karani wao, kijana mwenye mwandiko mzuri na kichwa kikubwa kuliko kofia. Niliandika masharti manne. Watu wasipeane mikono. Kikombe kimoja cha meza ya Bwana kiwekwe kando, kila mtu anywe kwa glasi yake. Kila aingiaye anawe kwa sabuni mlangoni. Na nyumba yenye mgonjwa asiingie mtu mpaka daktari aje.

Jumapili nilipomaliza kuyasoma kanisani, mjane mmoja akainuka. Ndiye aliyefua vitambaa vya meza ya Bwana, na sasa tulikuwa tumempa pia kazi ya kujaza beseni la kunawia. Aliishi peke yake, nyumba ya tatu kutoka kwangu.

"Na mayi?" akauliza. "Kama mugonjwa iko peke yake, nani atamuchotea mayi?"

Jua lilikuwa limepanda na njaa ilikuwa inauma. "Mama, ile tutasema dimanche ingine," nikamjibu, nikafunga daftari. Wengine wakacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Jumatatu homa ilimlaza yeye, wa kwanza katika sisi wote. Jumatano vipele vikatoka. Majirani walifunga milango, na sisi wa kanisa tulishika masharti barabara. Sijaona tena watu wakitii namna ile. Tulipita upande wa pili wa njia tukimwombea kwa sauti.

Kesho yake nilisimama njiani mbele ya nyumba ya mjane, nikamsalimu. Alitambaa hadi mlangoni, akasukuma ndoo yake nje.

"Baba karani, munipe mayi."

"Ngojeya kidogo, mama. Niulize bazee."

Bomba lilikuwa pale pale kwenye kona. Leo nasema wazi: sikuogopa kuvunja sharti. Niliogopa ndui, na sharti likanipa mahali pa kujificha. Jioni mke wangu alitwaa ndoo yetu. Nilimshika mkono, nikamwonyesha mtoto wetu mchanga.

"Ile karatasi, weye mwenyewe njo uliandika," akasema. "Weye njo wa kuifuta."

Sikuifuta. Daktari hakuwa amefika bado. Wazee walikutana Jumamosi asubuhi, wakajadili, wakaomba, wakakubali maji yapelekwe, mradi mtu asivuke kizingiti. Nilikwenda mbio, maji yakinimwagikia miguuni. Ndoo yake ilikuwa palepale alipoisukuma, kavu. Yeye alikuwa nyuma yake, ameegemea mlango, macho yakitazama njia.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amezeeka pamoja nami, wala hajatoka nyumbani hata siku moja.

Kesho yake, Jumapili, ndiyo ilikuwa ile dimanche ingine niliyomwahidi. Tulikuja kanisani kila mtu na glasi yake, tukajipanga mlangoni kama masharti yalivyosema. Sabuni ilikuwepo. Beseni lilikuwa kavu, kwa maana mwenye kulijaza tulikuwa tumemfukia jana. Tukabaki tumesimama, kila mmoja akingoja mwenzake aende bombani.